Betri ya Volti 90: Tarehe ya Redio na Santuri Kasulu na Kibondo

Ukienda Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, kutafuta redio ya zamani ya kuchomeka ukutani, utachoka bure. Redio ya vali ya nyanda hizi za juu ilikuwa ya betri, maana umeme haukuwapo. Jenereta za mafuta za shirika la umeme, TANESCO, zilikuja baadaye sana, na gridi ya taifa haikufika mpaka Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja kuzizima jenereta hizo. Kwa hiyo tarehe ya redio na santuri katika Buha, nchi ya Waha, haiandikiki kama ile ya Dar es Salaam au Tanga, ambako mwenye nazo alinunua redio kubwa ya mbao, akaichomeka, akakaa kusikiliza. Huku kila wimbo ulilipiwa mara mbili: kwanza chombo, halafu nguvu ya kukiendesha. Nguvu hiyo ndiyo iliyoamua nani asikilize, asikilize nini, na kwa muda gani.

Santuri ndiyo iliyotangulia, kwa sababu gramafoni haikudai umeme wala betri. Mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, na wenzake walivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zao zikauzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache tu. Zilikuwa sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo zikianguka zinapasuka kama kigae. Pwani ni mbali na Buha, lakini reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na reli hiyo ndiyo iliyowachukua vijana wa Kasulu na Kibondo kwenda manamba. Kuanzia 1944 wengi waliandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, wakapelekwa Tanga, Kilosa na Morogoro. Mkataba ukiisha mtu alirudi na jasho lake: blanketi, kanga za mama, baiskeli akijaliwa, na mwenye bahati zaidi gramafoni ya sanduku.

Gramafoni hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Ndani mna springi ndefu ya bapa iliyokunjwa katika kopo la chuma. Mkono wa pembeni unaikaza, nayo ikijikunjua inazungusha sahani, huku vizito vitatu vinavyozunguka kwenye mhimili mdogo vikiizuia isikimbie. Spika hamna. Sindano ya chuma hutikisa kiwambo chembamba, na sauti hupita kwenye pembe iliyofichwa ndani ya sanduku lenyewe. Sindano ile ilitakiwa ibadilishwe kila baada ya kupiga upande mmoja wa santuri. Duka likiwa mwendo wa siku nzima haikubadilishwa, na ndiyo sababu santuri nyingi za 78 zinazokutwa bara zimeliwa mpaka mistari yake imekuwa ya kijivu. Lakini mashine yenyewe haifi kirahisi. Kusafisha grisi iliyoganda kwenye springi, kupaka nyingine, na kubadili raba za kichwa cha sauti zilizokauka, basi inaimba tena. Fundi baiskeli mwenye mkono mtulivu anaiweza kazi hiyo.

Manamba walirudi na ladha ya muziki pia. Mji wa Morogoro, ambao mashamba ya mkonge yaliuzunguka, ndio uliokuwa nyumbani kwa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, na jina la bendi hiyo linaonyesha lilikotoka: santuri za Kuba zilizoanza kuletwa Afrika na His Master's Voice mwaka 1933 katika mfululizo wa GV. Santuri hizohizo ziliwafundisha rumba vijana wa Leopoldville, ambako sasa ni Kinshasa, nao kuanzia 1948 wakarekodiwa na lebo ya Ngoma. Kwa hiyo Buha ikawa katikati ya mikondo miwili ya muziki wenye asili moja, mmoja ukipanda kwa reli kutoka mashariki, mwingine ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka magharibi. Mimi naamini hapa ndipo ilipo asili ya mapenzi ya watu wa Kigoma kwa gitaa. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alipopiga wimbo wake Masanga mbele ya kinasa sauti cha mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, kule Jadotville ambako sasa ni Likasi, aliimba kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho hakikuhitaji mkalimani ng'ambo hii ya ziwa.

Redio ikaja na shida zake. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na serikali ikakitwaa na kukiita Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kutoka Dar es Salaam hadi Kasulu, hata ukienda kama ndege arukavyo, ni zaidi ya kilomita 1,000. Umbali huo unavukwa na masafa mafupi, ambayo hupanda angani, yakagonga tabaka la juu na kurudi chini, na huja vizuri au vibaya kutegemea saa na majira. Mwenye redio alilazimika kutundika waya mrefu kutoka kwenye mwembe hadi kwenye paa. Waya huo wa nje ulikuwa nusu ya redio.

Nusu nyingine ilikuwa betri. Mwaka 1949 Harry Franklin, ofisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, aliwashawishi Ever Ready wa Uingereza kutengeneza redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika wasio na umeme. Umbo lake lilikuwa sufuria kweli, la aluminiamu, lenye vali 4, likiuzwa pauni 5, na betri yake ilidumu kama saa 300. Nalitaja sufuria hilo la Lusaka kwa sababu ndilo lililothibitisha kwamba mkulima asiye na umeme ni mteja, na viwanda vya Ulaya vikalizingatia jambo hilo.

Ukifungua redio ya betri ya miaka ya 1950 utakuta, mara nyingi, vali 4 ndogo za kioo: DK96, DF96, DAF96 na DL96. Ya kwanza huyapokea mawimbi na kuyabadili, ya pili huyakuza, ya tatu huitoa sauti ndani ya mawimbi, ya nne huisukuma spika. Kila vali ina uzi mwembamba sana unaotaka volti 1.4 tu, na nyuzi zote 4 kwa pamoja hula miliampia 125, kiasi kidogo hata kwa tochi. Ila ili umeme uruke kutoka kwenye uzi hadi kwenye bamba ndani ya vali, inatakiwa betri ya pili, ya volti 90. Betri hiyo ilikuwa pakiti nzito yenye seli 60 ndani yake, na ikiisha haikuchajiwa, ilitupwa. Redio nyingi za bomani, za misheni na za wenye maduka zilinyamaza kwa kukosa pakiti hiyo, hali zenyewe zingali nzima.

Hapo ndipo ninapoona tumaini kubwa kwa wanaotaka kuzifufua. Pakiti ya volti 90 haiuzwi tena dukani, lakini betri 10 ndogo za volti 9, zile za mraba zinazotiwa kwenye kipima umeme, zikipachikwa kichwa kwa mkia zinatoa volti 90 kamili, na betri moja kubwa ya volti 1.5 inawasha nyuzi. Lakini fundi mwenye busara haanzi kwa kuwasha. Kwanza anang'oa vali na kupima uzi wa kila moja, maana mtu aliyetangulia akiwa amechanganya waya, volti 90 zikapita kwenye nyuzi, zote 4 zimeungua kwa dakika ileile. Kisha anatafuta kapasita za karatasi zilizozamishwa katika nta. Miezi ya mvua ya Buha, kuanzia Novemba hadi Mei, huzilainisha na kuzitia unyevu. Moja ndiyo mbaya kuliko zote: ile inayopeleka sauti kwenye gridi ya vali ya mwisho. Ikivuja, vali hiyo hula umeme mwingi kupita kiasi, betri inakwisha upesi na transfoma ya spika inaweza kukatika waya. Kapasita mpya ya plastiki ya thamani ileile huondoa tatizo kwa bei ndogo. Baada ya hapo kuna karatasi ya spika iliyotafunwa na mende, na udongo wa nyigu kwenye pembe za kabati, ambao hutolewa kwa brashi kavu, bila maji.

Transista ndiyo iliyoziweka kando redio hizi, na kwa haki. Haikutaka volti 90. Betri 4 au 6 za tochi zilitosha, na Matsushita ya Japani ilipojenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, redio na betri za National zikapatikana hadi vijijini; Philips nayo ilikuwa Arusha. Redio ikatoka sebuleni ikaenda shambani. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu vijijini, katika operesheni iliyoanza 1972, na mwaka uliofuata kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu kama milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza, redio katikati, kitabu mkononi, na baada ya kipindi jembe la kuchimba choo. Hakuna wakati mwingine ambapo redio moja ilisikilizwa na masikio mengi kwa makusudi kiasi hicho. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba litapigana na Idi Amin, watu wa mikoa ya magharibi walisikia kwa redio za aina hiyo.

Santuri ilipita njia ngumu zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo sahani ndogo za mizunguko 45 zilitoka Nairobi, hata zile za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ulifungwa mpaka 1983, na chemchemi ikakauka. Wakati huohuo Radio Tanzania ilikuwa ikizirekodi bendi katika studio yake yenyewe, kwenye kanda. Nyimbo nyingi za miaka hiyo hazikupata kuwa santuri kabisa. Redio ndiyo iliyokuwa santuri yake. Mtu wa Kibondo aliyetaka kusikia wimbo alioupenda alisubiri kipindi cha salamu.

Kisha betri zikaadimika. Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni ilikosekana, chumvi ilikosekana, na betri zikawa bidhaa ya magendo. Kila mtu wa umri wangu anaikumbuka safu ya betri zilizoanikwa juani juu ya bati. Halikuwa jambo la ushirikina: joto huchochea kemikali iliyobaki, na betri iliyokwisha hupata uhai wa kutosha taarifa ya habari. Mafundi redio walijifunza katika dhiki hiyo. Walikwangua kutu kwenye springi za betri, wakarefusha nyumba ya betri kwa mianzi ili zipangwe 8 badala ya 4, wakang'oa kifaa kwenye redio iliyokufa na kukitia kwenye iliyo hai.

Ujuzi huo uliongezeka kwa msiba wa majirani. Warundi walikimbilia Kigoma mwaka 1972, na wengine wengi zaidi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kibondo ikapata kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta, Kasulu ikapata Mtabila, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa Wakongo waliovuka ziwa. Mtu anayekimbia vita huchukua mtoto, sufuria na redio, maana bila redio hatajua lini arudi. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, nayo ikasikika hadi Kibondo na Kasulu. Baada ya redio kutumiwa kuchochea mauaji ya kimbari nchini Rwanda mwaka 1994, kituo cha kuwapa watu habari zilizohakikiwa kilikuwa kazi ya kuokoa maisha. Meza ya fundi redio ikawa sehemu ya soko la kambi, na Muha na Mrundi, ambao lugha zao zinasikilizana, wakafundishana mezani hapo.

Lakini Kwizera ilikuwa ya FM, kama vituo vingi vilivyofuata, na redio nyingi za vali za zamani hazina FM. Ndipo ulipozuka mtindo unaoniuma sana: kuchukua kabati la mbao la mwaka 1955, kutupa vali zote, na kutia ndani kipande cha Kichina chenye taa za rangi na tundu la fleshi. Aliyefanya hivyo amehifadhi sanduku, redio ameiua. Redio nyingi za Ulaya zina tundu mbili nyuma za kuunganishia kicheza santuri. Simu ikiunganishwa hapo kwa waya sahihi, vali zitaimba taarabu au rumba yoyote uitakayo, na hakuna kitu kilichokatwa. Kicheza santuri nacho kinaingia hapohapo. Na kwa anayetafuta sahani, Kenyatta Market kule Nairobi bado kuna kibanda kinachouza santuri kuukuu.

Kwa kuwa umeme wa gridi sasa upo, redio za ukutani zitaanza kuletwa huku kutoka mijini, na hilo lina hatari yake. Kabla hujachomeka, soma herufi ya kwanza kwenye kioo cha vali. D ni ya betri, na umeme wa ukutani utaiunguza papo hapo. E kwa kawaida hupata volti zake 6.3 kupitia transfoma. U imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na chuma cha ndani cha redio ya namna hiyo kinaweza kuwa na volti 230 hata ikiwa imezimwa. Hiyo mpelekee fundi ikiwa na kifuniko chake cha nyuma, na usiishike nobu iliyovuliwa kofia.