Mpaka wa lupango Kalemie: ugomvi unatoka wapi, na unaishia wapi

Mara nyingi inaanzia kwenye kamba ya fundi. Jirani mmoja amepata pesa kidogo, ameshusha matofali na mchanga mbele ya nyumba, na asubuhi fundi anafunga kamba ili achimbe msingi wa ukuta. Hapo njo mama wa upande wa pili anatoka jikoni na kusema kamba imeingia kwake. Mita moja, pengine hata mita haifiki. Ikifika jioni kamba imeshakatwa, watoto wa nyumba mbili wamekatazwa kucheza pamoja, na kuna mtu ameshaenda kutafuta polisi.

Wakaaji wa komini tatu za Kalemie, ni kusema Lac, Lukuga na Kalemie, wanaijua hadithi hii. Wengi hawajui ni nani ana uwezo wa kusema mpaka uko wapi. Juu ya kutojua, familia zinatumia pesa kwenye ofisi ambayo haina kazi na mpaka, kisha wanafika kwenye ofisi ya kweli mfuko ukiwa umeisha.

Udongo ni wa nani?

Sheria ya ardhi ya Kongo ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, iliyorekebishwa Julai 1980. Inasema wazi: udongo ni mali ya serkali peke yake. Serkali haiuzi udongo. Inampa mtu haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho, mgeni anaipata kwa miaka inayohesabiwa. Na haki hiyo inakuwa kamili mbele ya sheria pale tu inapoandikwa kwenye sertifika d'enregistrement, inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi.

Sasa angalia karatasi zilizo kwenye masanduku ya nyumba nyingi za Kalemie. Kuna karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwa mkono, muuzaji na mnunuzi wametia sahihi, na mashahidi wawili au watatu. Kuna fishi ya lupango iliyotolewa na kata au komini. Huko pembeni ya mji, ambako lupango ilikuwa shamba juzi tu, kuna karatasi ya chef wa kimila, ao hakuna karatasi kabisa, kuna neno la chef na mbuzi aliyetolewa. Hizi zote zina maana. Zinasaidia kuonyesha lupango ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Lakini kwa jambo la mpaka, nyingi ni bubu. Karatasi ya mauzo inasema « inapakana na papa fulani upande wa jua kutoka », na papa fulani alishahama au alishakufa.

Karatasi inayosema kweli ni ile ya kupima: prose-verbal ya mesurage na bornage, pamoja na krokis yenye vipimo. Hiyo inafanywa na jeometre wa kadastre, ambaye anaacha borne kwenye kila pembe. Kwa njia ya kawaida, mtu anaanza na kontra ya location na serkali, ambayo haipiti miaka 3, ili aonyeshe kwamba anajenga na kutumia kiwanja. Kisha anaomba sertifika. Wengi wanaishia katikati ya njia, pengine juu ya pesa, pengine juu ya kufikiri kwamba kontra inatosha milele. Haitoshi. Kontra ikiisha bila kuendelezwa, mwenye lupango anarudi kuwa mtu anayekaa tu, na jirani mwenye hati kamili anakuwa na nguvu kuliko yeye.

Ni kweli kwamba kukaa siku nyingi kuna uzito mbele ya majirani na mbele ya chef wa kata. Mtu aliyezaliwa pale anajua mwembe ulipandwa na nani. Lakini miaka 30 ya kukaa, peke yake, haigeuki kuwa hati.

Nusu mita, mara kumi

Kuna ugomvi ambao hauna mwizi ndani yake. Sehemu za katikati ya mji zilizopimwa tangu wakati Kalemie ikiitwa Albertville zilipata borne na avenue zilizonyooka. Kata zilizokuja nyuma zilikatwa kwa kamba, na mara nyingine kwa hatua za mguu. Tuseme avenue ina malupango kumi yaliyofuatana, kila moja kwenye karatasi ina upana wa mita 20. Mtu wa kwanza alichukua mita 20 na nusu, bila ubaya, kamba ilikuwa imelegea. Wa pili akapimiwa kuanzia pale, naye akapata nusu zaidi. Ikifika lupango ya kumi, kumekosekana mita 4 na nusu, na yule wa mwisho anamshitaki jirani yake wa tisa. Lakini wa tisa hakumuibia kitu. Hata ukivunja ukuta wake, kosa liko mwanzo wa avenue.

Njo maana jeometre anayejua kazi hapimi ukuta kwa ukuta. Anatafuta kwanza alama ambayo haikusogea: borne ya zamani, pembe ya avenue kwenye plani, jengo la serkali. Mwenye lupango akiona mtu anaanza kupima kutoka kwenye ukuta wa jirani, ana haki ya kuuliza sababu.

Kisha kuna alama zenyewe. Kalemie wengi wameweka mpaka kwa miti, michongoma, bati la zamani, mfereji wa maji ya mvua. Mti unakufa. Mfereji unakula udongo kila msimu, na baada ya miaka kumi uko mahali pengine kabisa, watu wanaendelea kusema « mpaka ni mfereji ». Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 liliangusha nyumba na kuta mjini, na kuta zilijengwa tena. Ukuta unaojengwa mara ya pili haukai kila mara juu ya msingi wa kwanza.

Mji nao umeongezeka. Tangu 2015 Kalemie ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika, lililotoka katika Katanga ya zamani, na ofisi zimeleta watu. Vita kati ya Wabantu na Watwa, zaidi miaka ya 2016 na 2017, vilikimbiza watu wengi kutoka vijijini hadi sehemu kama Katanika na Kalunga. Wengine wamebaki, wamenunua kidogo kidogo. Na kule walikotoka, wanaporudi, wanakuta shamba limelimwa na mwengine. Hapo ugomvi wa mpaka unavaa nguo ya kabila haraka sana, na mara nyingi ni mabaraza ya wazee wa pande zote mbili yanayoweza kuushika kabla haujawa mkubwa.

Wakati ziwa linachukua borne

Wanaokaa karibu na maji wana swali lao. Lukuga ndiyo mto peke yake unaotoa maji ya ziwa Tanganyika, na ziwa linapojaa kuliko Lukuga inavyoweza kutoa, linapanda juu ya watu. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yaliingia kwenye nyumba na barabara za Kalemie. Borne zilifunikwa, kuta zikaanguka, na maji yanaporudi nyuma, majirani wawili wanasimama juu ya mchanga ulio sawasawa kama meza, kila mmoja anaonyesha kwa kidole.

Kwa hawa, hati yenye vipimo ndiyo inayoweza kurudisha mpaka, juu borne inaweza kupotea lakini namba za krokis zinabaki kwenye ofisi ya kadastre. Jeometre anaweza kuirudisha mahali pake kutoka kwenye borne za juu ambazo maji hayakufika. Lakini kuna jambo la pili, na si la kufurahisha: sheria inasema chini ya ziwa na ya mto ni mali ya wote, haiuzwi, na mpaka wake ni pale maji yanapofika yanapojaa kwa kawaida kila kipindi. Maji ya ajabu ya mwaka mmoja hayamwondolei mtu kiwanja. Lakini mtu anayeuza leo mchanga ambao ziwa linaufunika kila msimu wa mvua, anauza kitu ambacho si chake. Mnunuzi anapaswa kuwauliza wazee wa pale maji hufika wapi mwaka wa kawaida, na aulize kabla ya kulipa.

Ndugu na ndugu

Kesi zinazoumiza zaidi si za majirani wageni. Baba anakufa, anaacha lupango moja na watoto sita. Kaka mkubwa anajenga upande wa barabara, mdogo anajenga nyuma, dada anauza kipande chake kwa mtu wa nje. Karatasi ni moja, kwa jina la marehemu. Huyo mtu wa nje sasa anakuwa « jirani » ambaye hana mpaka wowote ulioandikwa, na njia ya kupita inapita mbele ya mlango wa kaka.

Sheria ya familia, ya 1987 na iliyorekebishwa 2016, haibagui mtoto wa kike na wa kiume katika urithi, na mjane hafukuzwi tu kwenye nyumba aliyokaa na mumewe. Hiyo familia nyingi zinaikataa kwa mdomo, lakini mbele ya tribinali haikataliki kirahisi. Kabla mtu hajauza kipande, familia inapaswa kukaa, kuandika nani ni mrithi, na kuomba morselma kwenye kadastre: lupango moja inakatwa rasmi kuwa mbili au tatu, kila moja na namba yake na borne zake, na njia ya kupita imechorwa. Anayenunua kipande ambacho hakijakatwa rasmi ananunua kesi ya kesho.

Kwenda wapi kwanza

Polisi si wa kwanza. Polisi na OPJ wanashughulika na makosa: mtu amepiga mtu, amevunja ukuta, ametisha kwa panga, ameng'oa borne kwa makusudi, maana kuondoa alama ya mpaka kwa ubaya kunaadhibiwa na sheria ya makosa. Lakini kusema mpaka unapita hapa au pale si kazi ya polisi, na kufunga jirani siku mbili hakujamsogeza ukuta hata sentimita. Kinachoongezeka ni chuki na pesa za kutoa.

Njia inayopunguza gharama inaanzia kwa chef wa avenue na chef wa kata, mbele ya watu waliokuwa pale zamani. Kama chef naye aliuza kiwanja kimoja mara mbili, jambo ambalo linatokea, mtu apande kwenye komini. Wakisikilizana, iandikwe. Mapatano ya mdomo yanakufa na waliosema. Karatasi iseme urefu kwa mita, kutoka alama gani mpaka alama gani, sahihi za wote wawili na mashahidi, na wake zao nao waitwe, kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayebaki na lupango.

Wasiposikilizana, waombe jeometre wa kadastre, na ni vizuri waombe pamoja na kugawana gharama. Jeometre aliyeitwa na mmoja peke yake ataonekana amenunuliwa, hata kama amepima vizuri. Malipo ya serkali yanafanywa kwa noti ya perseption, na risiti inabaki kwa aliyelipa. Pesa iliyotolewa mkononi, chini ya mti, haina ushahidi.

Ikibaki tribinali, mtu ajue mlango. Sheria ya Aprili 2013 juu ya tribinali inapeleka ugomvi wa ardhi ya kimila kwenye tribinali ya amani, inayoitwa Tripaix, ambako majaji wanakaa pamoja na watu wanaojua mila ya pale. Kama ugomvi ni juu ya sertifika na hati za serkali, mlango ni tribinali kubwa, TGI. Kukosea mlango kunapoteza miezi. Tribinali inaweza kushuka yenyewe mahali pa ugomvi pamoja na mpimaji, na siku hiyo ni ya maana kuliko maneno mengi ya avoka: kila upande uwe pale na karatasi zake za asili, na wazee wanaojua. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufani tangu alipojulishwa hukumu rasmi.

Kuna saa nyingine inayokwenda kimya kimya. Jirani akipata sertifika iliyomeza kipande cha lupango yako, usikae ukingoja Mungu. Baada ya miaka 2 sertifika inakuwa ngumu sana kuipinga, na mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia ya pesa, udongo wenyewe umekwenda. Kwa hiyo ukiona watu wa kupima kwa jirani, toka nje, salimia, uliza wanapima nini, na uombe kuona krokis. Kama hukubaliani, mwandikie konservatere barua siku hizo hizo, na ubaki na kopi yenye muhuri wa kuonyesha imepokelewa.

Na yule mwenye matofali mbele ya nyumba? Kesi ikishafunguliwa, asimamishe fundi. Wengine wanakimbiza kazi usiku, wanafikiri ukuta ukisimama hakuna wa kuuangusha. Tribinali inaweza kuamuru ubomolewe, na anayelipa kubomoa ni yeye aliyejenga.