Barua za Unyanyembe na Vipindi vya Redio

Kifurushi cha barua za David Livingstone kiliandikwa juu yake “Zanzibar, Novemba 1, 1870”, ili kipelekwe Ujiji. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikikuta kingali Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, akaondoka nacho. Kilimfikia Livingstone Novemba 1871. Msafara uliokibeba ulikuwa umekawia pwani, kisha vita vya mtemi Mirambo vikaifunga njia ya magharibi. Kwa hesabu ya Zanzibar, hata hivyo, barua zilikwisha kutumwa. Udhaifu huo huiandama kila kazi ya masafa: anayetuma huona amemaliza akishafunga mzigo. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji iliendeshwa na vituo, Tabora ikiwa kikubwa kuliko vyote. Hapo wapagazi walilipwa na wengine kuajiriwa, posho ikanunuliwa, na mzigo ukapokewa na mtu anayejua unakwenda kwa nani.

Tanzania ya miaka ya 1970 ilipofundisha kwa masafa, ilifuata mantiki hiyo hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 husimuliwa kama ushindi wa redio, ingawa redio ilishika sehemu ndogo tu ya kila mkutano. Kikundi kilisikiliza kipindi, mmoja akasoma sura ya kitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana na kuamua choo kichimbwe wapi na madimbwi yafukiwe lini. Walioshiriki walikaribia milioni 2, na nyuma yao walikuwapo makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo kwanza. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuhusu elimu ya msingi kwa wote (UPE), walimu wa mpango huo nao waliandaliwa kwa masafa: vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta, redio na ziara za waratibu. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana hivyo. Ubora wao ulilalamikiwa sana, tena kwa haki, ila masomo yalikuwa na njia ya kuwafikia.

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, shule zilifungwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, shule nyingine Juni 29. Katikati hapo masomo yalirushwa redioni na kwenye runinga, na vitabu vya kiada vikapatikana mtandaoni. Mwanafunzi wa Tabora mjini aliweza kunufaika. Huko Kaliua na Sikonge, wilaya za mkoa huo huo, miezi hiyo ndiyo ya tumbaku: majani yanatolewa kwenye mabani ya kukaushia, yanachambuliwa na kufungwa, na mikono ya watoto haiachwi nje. Redio ikizungumza pale, nani atajua kama mtoto ameelewa?

Yupo atakayesema vikundi vya 1973 visingewezekana wakati watu wanaambiwa wasikusanyike. Ni kweli, na ndiyo maana mfano ufaao zaidi ni ule wa UPE, ambao kazi yake kubwa ilikuwa karatasi iendayo na kurudi ikiwa imesahihishwa. Mwingine atasema miezi mitatu ni michache. Ilikuja kuwa michache; Machi hakuna aliyejua hivyo, na Uganda, iliyofunga mwezi huo huo, ilifungua shule zote Januari 2022. Hoja nzito zaidi ni kwamba mwalimu mwanafunzi alikuwa mtu mzima, ilhali mtoto wa darasa la tatu hawezi kujisomea. Lakini hoja hiyo inazidi kudai mtu wa katikati: kadiri msomaji alivyo mdogo, ndivyo redio peke yake isivyomtosha.

Wala mtu huyo hakuhitaji kubuniwa. Kila kata ilikuwa na Mratibu Elimu, na mwaka 2018 Serikali ilikuwa imewagawia waratibu hao pikipiki zaidi ya 2,800 ili wazifikie shule. Njia za Urambo na Uyui walikwisha kuzizoea. Kilichohitajika ni vitini vya kuwapakia.