Albamu za jazi kwenye SACD

*Makala hii inahusu jazi ya Marekani. Kwa bendi za dansi za Tanzania zilizobeba neno hilo katika majina yao, kama Morogoro Jazz na Western Jazz, tazama Muziki wa dansi.*

Albamu za jazi kwenye SACD ni rekodi za jazi, nyingi zikiwa za kati ya mwaka 1955 na 1965, zilizotolewa upya kwenye diski zinazobeba sauti kwa undani kuliko CD ya kawaida. Utoaji huo ulianza mwaka 1999, pale Sony na Philips walipoingiza sokoni Super Audio CD (SACD), na umeendelea kwa matoleo madogo yanayonunuliwa zaidi na wakusanyaji. Jazi si muziki unaouza sana, lakini katika orodha za SACD imekaa mstari wa mbele pamoja na muziki wa klasiki. Sababu ni mbili. Kwanza, rekodi zake za zama hizo zilifanywa kwa ustadi mkubwa, wanamuziki wote wakiwa chumba kimoja na vipaza sauti vikiwa vichache. Pili, mashabiki wake ni watu wa kununua albamu ileile mara ya pili, ya tatu na hata ya nne.

Teknolojia

CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. SACD hutumia mbinu iitwayo DSD: kila kipimo ni biti 1 tu, lakini vipimo hufikia 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya vile vya CD. Diski ina kipenyo kilekile cha sentimita 12 na tabaka lake la SACD hubeba takriban gigabaiti 4.7. Inaweza kuwa na sauti ya stereo, ya njia nyingi, au zote mbili.

Diski nyingi ni za mseto. Zina matabaka mawili, na leza ya mashine ya CD hupenya tabaka la SACD bila kuliona, ikasoma lile la CD lililo nyuma yake. Kwa hiyo mwenye mashine ya kawaida hupata muziki, ila si ule alioulipia. Diski za kwanza za Sony hazikuwa za mseto na hazikusomeka kabisa kwenye mashine za CD.

Mpinzani wake, DVD-Audio, aliingia sokoni mwaka 2000 akiwa na biti 24 na vipimo hadi 192,000 kwa sekunde. Ushindani huo uliwachanganya wanunuzi, na wengi waliamua kutonunua chochote. Wakati huohuo MP3 ilikuwa ikienea kwa kasi. DVD-Audio ilififia ndani ya miaka michache, na jazi iliyotoka kwa mfumo huo ni kidogo.

Kanda mama

Ubora wa toleo lolote hutegemea kwanza kanda iliyotumika. Kanda mama ni ile ya mwisho iliyotoka studio. Nakala yake huwa na mvumo zaidi na ncha za sauti zilizolegea, na nakala ya nakala huwa mbaya zaidi. Santuri nyingi zilizouzwa nje ya Marekani zilitengenezwa kutokana na nakala zilizosafirishwa.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Mhandisi hupokea boksi la kadibodi ambalo mgongo wake umejaa maandishi ya kalamu: tarehe, majina ya nyimbo, mianzo iliyokatishwa, na mara nyingine onyo la mtu wa zamani kuhusu kasoro fulani. Huivisha kanda kwenye mashine, kisha huchukua bisibisi na kuzungusha skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa cha kusomea. Kichwa kikipinda kidogo tu, sauti za juu hufifia: matoazi husikika kama yamefunikwa kitambaa. Akizungusha hadi kichwa kilale sawasawa na alama zilizoachwa na mashine ya kwanza, kitambaa huondoka ghafla. Tofauti hiyo husikika hata kwenye redio ya jikoni, na haina uhusiano wowote na aina ya diski.

Namna ya kurekodi nayo huamua kinachowezekana baadaye. Rudy Van Gelder (1924–2016), aliyekuwa daktari wa macho kabla ya kuacha kazi hiyo, alirekodi mamia ya albamu za kampuni za Blue Note, Prestige na Impulse!, kwanza sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, na kuanzia mwaka 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs. Alichanganya sauti papohapo na kuziandika moja kwa moja kwenye kanda ya njia moja au mbili, hivyo hakuna cha kuchanganya upya. Kampuni ya Columbia ilitumia kanda za njia tatu, ambazo mhandisi wa leo anaweza kuzipanga upya na hata kuipa njia ya kati spika yake. Kampuni ya Contemporary ya Los Angeles ilirekodi stereo mapema: *Way Out West* ya Sonny Rollins, iliyorekodiwa tarehe 7 Machi 1957 kuanzia saa tisa usiku, ni miongoni mwa zile zinazotolewa upya mara nyingi.

Kanda hupotea pia. *A Love Supreme* ya John Coltrane ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, lakini matoleo bora ya karne hii yametegemea nakala iliyokuwa imetunzwa Uingereza. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala la kampuni ya Universal huko Hollywood. Taarifa ya gazeti la New York Times ya mwaka 2019 iliorodhesha kanda za Coltrane kati ya zilizoungua, ingawa kampuni ilipinga ukubwa wa hasara uliotajwa.

Mfano: *Kind of Blue*

Hakuna albamu ya jazi iliyotolewa upya kwa bidii kama *Kind of Blue* ya Miles Davis. Ilirekodiwa tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959 katika studio ya Columbia ya 30th Street, New York, jengo lililokuwa kanisa, na ikauzwa kuanzia Agosti mwaka huo. Davis alipiga tarumbeta, John Coltrane na Cannonball Adderley saksafoni, Paul Chambers besi na Jimmy Cobb ngoma. Piano ilipigwa na Bill Evans, isipokuwa katika "Freddie Freeloader", ambapo aliipiga Wynton Kelly.

Siku ile ya Machi mashine kuu ya kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kidogo. Kanda iliyorekodiwa polepole, ikipigwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, hukimbia. Matokeo yake ni kwamba upande wote wa kwanza wa santuri, nyimbo tatu, ulisikika haraka na juu kidogo kuliko ulivyopigwa. Wanamuziki waliojaribu kupiga pamoja na santuri hiyo nyumbani walikuta vyombo vyao havilingani nayo. Hali ilibaki hivyo kwa zaidi ya miaka 30.

Dawa ilikuwa ndani ya ghala muda wote huo. Studio ilikuwa na mashine ya pili, ya akiba, iliyorekodi sambamba na ile kuu, na kasi yake ilikuwa sahihi. Kanda yake ndiyo iliyotumika mwaka 1992 katika CD ya dhahabu ya Sony, na tena katika toleo la mwaka 1997 lililochanganywa upya na mhandisi Mark Wilder kwa kutumia mashine ya zamani ya njia tatu, ya vali.

Toleo la SACD lilifuata mwaka 1999, likiwa kati ya diski za mwanzo kabisa. Haikuwa bahati. Sony ilikuwa imeinunua CBS Records, wenye Columbia, mwaka 1988, kwa hiyo aliyebuni diski ndiye aliyekuwa na funguo za ghala. Toleo la njia nyingi lilikuja baadaye, na kampuni ya Mobile Fidelity ikatoa lake mwaka 2015.

Wanaolisifu toleo la SACD hutaja zaidi "So What", pale utangulizi unapoisha na Davis anapoingia. Cobb anagonga toazi mara moja na mlio wake unaning'inia juu ya sauti za kwanza za tarumbeta, ukififia polepole. Cobb, aliyefariki mwaka 2020 akiwa wa mwisho wa kundi hilo, alisimulia kwamba alidhani amelipiga kwa nguvu mno. Kwenye SACD mfifio huo hufuatika hadi mwisho. Hata hivyo, sahihisho kubwa kuliko yote, la kasi, lilifika kwenye CD miaka saba kabla SACD haijauzwa.

Rekodi za ukumbini

*Waltz for Debby* ya Bill Evans, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Village Vanguard, New York, tarehe 25 Juni 1961, hupendwa na wauzaji wa mashine za muziki kwa ajili ya maonyesho. Glasi zinagongana, watu wanazungumza, mtu anacheka wakati besi ya Scott LaFaro inaendelea. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari siku 11 baadaye, akiwa na umri wa miaka 25.

Watoaji

Baada ya Sony kupunguza kasi, kazi ilishikwa na kampuni ndogo. Analogue Productions ya Salina, Kansas, imetoa albamu nyingi za Blue Note, Prestige, Riverside na Impulse!. Universal ya Japani ilianza mwaka 2010 kutoa diski za SHM-SACD, zisizo za mseto na zenye bei ya kuumiza. Japani kwa jumla imeendelea kuwa soko aminifu.

Mwaka 2022 ilibainika kwamba Mobile Fidelity ilikuwa ikitumia hatua ya DSD kutengeneza santuri ambazo wanunuzi waliamini ni za analogi tupu. Kesi iliyofuata iliisha kwa suluhu. Wengi wa walioghadhibika walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa miaka kadhaa.

Mjadala wa usikivu

Sikio la binadamu huishia karibu na masafa ya 20 kHz, na CD hufika 22 kHz. Je, ziada ya SACD inasikika? Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio ambamo sauti ya diski za hali ya juu ilipitishwa kwa siri kwenye kiwango cha CD. Katika majaribio 554 wasikilizaji walipatia mara 276, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alijumlisha tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kupata asilimia 52.3, tofauti ndogo lakini isiyoelezeka kwa bahati tu. Pande zote mbili hunukuu takwimu zinazozifaa.

Meyer na Moran walikiri, hata hivyo, kwamba diski nyingi za hali ya juu zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida. Maelezo yao ni kwamba zilitengenezwa kwa uangalifu zaidi, kwa ajili ya watu wenye kusikiliza, bila kubanwa ili zipige kelele redioni.

Uhusiano na Kiswahili

Albamu *Uhuru Afrika* ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960, ina shairi la Langston Hughes lililosomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1970, na albamu yake ya mwaka 1971 inaitwa *Mwandishi*.

Hali ya sasa

Mashine za SACD bado zinatengenezwa, nyingi zikiwa za bei ya juu. Matoleo ya kwanza ya mashine ya michezo ya PlayStation 3 (2006) yalikuwa na uwezo wa kucheza diski za SACD, lakini uliondolewa baadaye. Huduma za mtandaoni sasa hutoa muziki wa biti 24 bila diski, mara nyingi kutokana na uhamishaji uleule wa kanda uliofanywa kwa ajili ya matoleo haya.