Bunduki, Oakland na Mmarekani wa Imbaseni

Wale mliosikiliza kipindi chetu kilichopita mtakumbuka nilivyojikwaa nilipoulizwa wikiendi huwa nafanya nini. Nikasema eti natembeatembea. Uongo. Jumamosi mbili kila mwezi naendesha gari karibu saa nzima hadi uwanja wa shabaha huko milimani, bastola ikiwa haina risasi, ndani ya boksi lenye kufuli, kama sheria ya California inavyotaka. Nimekuwa mtu wa bunduki. Haya, nimesema.

Ninaishi Oakland, ng'ambo ya maji kutoka San Francisco. Huku kumwona mtu wa chama cha Republican ni kama kumwona twiga sokoni. Kumwambia mwenzako kazini kwamba unapenda bunduki ni kama kuingia msikitini na viatu: hakuna atakayekupiga, lakini wote watakutazama miguu.

Nyumbani nako mambo ni yaleyale, ila kwa sababu nyingine. Baba alipitia JKT miaka ya 1980, enzi zile kila aliyemaliza kidato cha sita lazima aende. Hadi leo AK-47 yeye huiita SMG, na anasema anaweza kuifungua na kuifunga akiwa amefumba macho. Lakini hajawahi kumiliki hata moja, wala hajawahi kutaka. Mama ndiye alinipa hukumu kwa sentensi moja: "Bunduki ni ya askari na ya jambazi. Wewe ni yupi?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni sehemu ya kulitafuta.

Nilianza mwaka 2020, kama Wamarekani wengi. Mwenzangu wa kazini alinichukua siku moja, nikidhani nitakuta wazee wenye ndevu na bendera kubwa kubwa. Nikakuta nesi Mfilipino, wanawake wawili waliooana, na mzee mmoja mweusi aliyestaafu udereva wa basi, ambaye alinisahihisha jinsi ya kusimama kabla hajaniuliza jina. Kilichonivuta hakikuwa mlio. Ni ule utulivu. Unapumua, unashusha pumzi nusu, kidole kinavuta taratibu, na kwa sekunde mbili huwazi kodi ya nyumba wala simu ya mtu. Sijui kitu kingine kinachonituliza hivyo, na najua inavyosikika.

Kununua yangu kulichukua muda. California unafanya kwanza mtihani wa maswali 30, unapata walau 23, unapewa cheti, unamwonyesha muuzaji kwamba unajua kuishika salama, unaacha alama ya kidole gumba, kisha unasubiri siku 10 wakichunguza rekodi yako. Siku moja nikalalamika kuhusu sheria hizi mbele ya yule mzee wa basi. Akacheka. Akaniuliza kama najua kwa nini siwezi kutembea Oakland na bunduki yenye risasi mkononi. Nikasema ni kwa sababu ya watu wa mrengo wa kushoto, si ndiyo waliojaa huku? Akasema, "Kasome 1967."

Nikaenda kusoma.

Oktoba 1966, Huey Newton na Bobby Seale, vijana waliokutana Chuo cha Merritt hapahapa Oakland, walianzisha chama cha Black Panther. Newton alikuwa amesoma sheria kidogo, akagundua jambo ambalo weupe walilijua bila kulitaja: sheria ya California iliruhusu mtu kubeba hadharani bunduki iliyojazwa risasi, mradi asiifiche. Basi wakauza kitabu chekundu cha Mao kwa wanafunzi wa Berkeley, na faida yake wakanunua bunduki za marisau, zile za kurusha punje nyingi kwa mpigo mmoja. Usiku walizifuata gari za polisi. Polisi wakimsimamisha mtu mweusi, Panther nao wanashuka, wanasimama mbali kidogo, bunduki zikionekana, na kumsomea yule mtu haki zake. Hebu fikiria sura ya askari.

Tarehe 1 Aprili 1967, kijana mweusi aitwaye Denzil Dowell, mwenye umri wa miaka 22, aliuawa na askari wa kaunti huko North Richmond, kaskazini ya hapa. Familia yake ikawaita Panther. Gazeti la chama, toleo la kwanza kabisa, lilikuwa la kifo chake. Mwezi huohuo mbunge wa jimbo kutoka upande wetu huu, Don Mulford, Republican, akapeleka muswada wa kupiga marufuku kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Kila mtu alijua analengwa nani.

Tarehe 2 Mei, watu 30, wanaume 24 na wanawake 6, walienda Sacramento na bunduki zao na kuingia jengo la bunge la jimbo. Bobby Seale alisoma tamko. Gavana Ronald Reagan alikuwa nje kwenye majani na watoto wa shule. Waandishi wa habari wakawafuata Panther, wakaingia nao hadi ukumbi ambamo wabunge walikuwa wamekaa. Picha zile zikazunguka dunia nzima. Muswada, badala ya kufa, ukapata mbio. Wa vyama vyote viwili wakaupigia kura, na NRA, kile chama kikubwa cha wenye bunduki ambacho leo hupinga karibu kila sheria ya aina hii, kikauunga mkono. Tarehe 28 Julai Reagan akatia sahihi. Ni Reagan huyuhuyu ambaye mwaka 1980 NRA ilimuunga mkono kugombea urais.

Nilisoma haya nikiwa kwenye treni, nikapitiliza kituo changu.

Lakini sitaki kuwafanyia Panther ngonjera. Bobby Hutton alikuwa mwanachama wa kwanza kujiunga, akiwa na miaka 16. Tarehe 6 Aprili 1968, siku mbili baada ya kuuawa Martin Luther King, polisi walimpiga risasi hapa West Oakland baada ya mapambano. Alikuwa na miaka 17. Eldridge Cleaver, kiongozi aliyekuwa naye usiku ule, miaka mingi baadaye alikiri kwamba wao ndio waliowatafuta polisi. Napita mara kwa mara bustani ya DeFremery, ambayo watu wa mtaa huiita kwa jina la Bobby. Na Huey Newton mwenyewe aliuawa kwa risasi mwaka 1989, West Oakland hiyohiyo, na si na polisi.

Na kuna sehemu inayotuhusu sisi wa Kiswahili, isiyopendeza. Los Angeles kulikuwa na kundi jingine, US, la Maulana Karenga, aliyeanzisha Kwanzaa mwaka 1966. Wao walipenda sana lugha yetu. Vijana wao waliitwa Simba Wachanga. Januari 1969, kwenye chuo cha UCLA, ugomvi wa US na Panther, ambao FBI walikuwa wakiuchochea kwa siri, uliishia kwa Panther wawili kupigwa risasi wakafa: Bunchy Carter na John Huggins. Mara ya kwanza kusoma "Simba Wachanga" kwenye habari ya mauaji nilihisi kama nimesikia sauti ya shangazi mahali asipopaswa kuwapo.

San Francisco nayo ina hadithi yake, na nilidhani nitaikuta nyepesi: mji wa watu wasiopenda bunduki, basi. Wapi. Dianne Feinstein, ambaye jina lake wenye bunduki wa hapa hulitamka kama wanatema mbegu, aliwahi kubeba bastola kwa kibali. Mwaka 1976 kundi moja lenye siasa kali lilitega bomu kwenye dirisha la nyumba yake, halikulipuka. Akajifunza kulenga. Kisha Novemba 1978 meya George Moscone na diwani Harvey Milk wakauawa ofisini kwao na Dan White, diwani mwenzao wa zamani. Feinstein ndiye aliyeukuta mwili wa Milk. Yeye akawa meya, na mwaka 1982 mji ukapiga marufuku bastola, mahakama zikaitengua sheria hiyo. Mwaka 2005 wapiga kura wakajaribu tena, asilimia 58 wakasema ndiyo, mahakama zikatengua tena. Siwezi kumcheka mwanamke aliyeshika bastola kwa hofu, halafu akaona bastola inavyofanya, akabadili mawazo.

Duka la mwisho la bunduki ndani ya San Francisco, High Bridge Arms, lilifungwa 2015. Lilianzishwa 1952 na Bob Chow, Mmarekani mwenye asili ya China aliyeshiriki Olimpiki ya London 1948 kwa kulenga shabaha. Nasikitika sikuwahi kuingia.

Sasa niwaambie jambo ambalo historia yote hiyo haikunisaidia. Nina rafiki tangu sekondari, na kaka yake aliuawa kwa risasi East Oakland tukiwa tunasoma. Alikuja kwangu jioni moja, tukapika, nikaona nimweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Akaweka kikombe chini. "Iko humu ndani?" Nikasema iko kabatini, imefungwa. Akachukua koti. Hakugomba. Siku hizi tunakutana mgahawani, na yeye ndiye huchagua mgahawa. Nilikuwa na Mulford na Newton na Reagan wote kichwani, sikupata hata neno moja la kumwambia mlangoni.

Nilipomsimulia mama habari ya Panther, nilitaraji aseme ni mambo ya Wamarekani. Kumbe. Mama ni Mmeru wa Usa River, njia ya Moshi ukitoka Arusha. Jirani na kwao kuna kijiji kinaitwa Imbaseni. "Si yule Mmarekani mweusi?" akasema. "Binamu yako alisoma kompyuta kwake, bure."

Alikuwa anamzungumzia Pete O'Neal. Aliongoza Panther wa Kansas City. Mwaka 1970 mahakama ilimtia hatiani kwa kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa majimbo, na mji ule, kwa wasioujua, umekatwa na mpaka huo katikati: upande mmoja Kansas, upande mwingine Missouri. Akahukumiwa miaka 4. Hakwenda jela. Alikimbia na mkewe Charlotte, wakapitia Algeria, na mwaka 1972 wakafika Tanzania. Wakalima, wakajenga, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii pale Imbaseni. Geronimo ji Jaga, Panther mwingine, aliyekaa gerezani miaka 27 Marekani kabla hukumu yake kutenguliwa, naye alihamia huko na kufia huko 2011.

Kwa hiyo nilikuwa nimepekua mambo ya Oakland mwaka mzima, na uzi wenyewe ulikuwa umeishia kwa bibi yangu, kwenye migomba.

Nikamwuliza mama kama anajua yule mzee alikimbilia kwao kwa kosa gani. Akasema siasa. Nikamwambia siasa ndiyo, lakini kwenye karatasi ya mahakama ni bunduki.

Simu ikawa kimya kidogo.

"Ngapi?"

"Moja."

"Kama wewe," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula.