Pedali Ndizo Zilizoamua

Januari 10, 1985, katika jumba la Alexandra Palace jijini London, Clive Sinclair, tajiri wa kompyuta za bei nafuu, aliwaonyesha waandishi wa habari kigari cheupe chenye magurudumu matatu. Dereva wa Sinclair C5 aliketi chini kabisa, miguu kaitanguliza mbele, usukani ukiwa chini ya mapaja. Paa hakuna, gia ya kurudi nyuma hakuna. Kulikuwa na betri, mota ndogo na pedali, na pedali hizo ndizo zilizobeba kila kitu.

Kanuni za mwaka 1983 zilikuwa zimefungua mlango. Chombo chenye pedali hakikuhesabiwa kuwa gari ikiwa mota yake, kwa baiskeli ya magurudumu matatu, haikuzidi wati 250, uzito haukupita kilo 60, na umeme ulikata mwendo ulipofika kilomita 24 kwa saa. Dereva alitakiwa awe ametimiza miaka 14, basi. Leseni, bima, kofia ngumu: hakudaiwa hata kimoja. Sinclair alikiunda kigari chake kikae sawasawa ndani ya vipimo hivyo.

Sheria ilikubali; wanunuzi wakasita, na si ajabu. Nani angemruhusu mwanawe apite kati ya malori akiwa amekaa usawa wa magurudumu yake? Bei ilikuwa pauni 399. Viliundwa takriban 14,000, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imefilisika.

Segway, chombo cha umeme cha magurudumu mawili kilichozinduliwa Marekani mwaka 2001, haikuwa na pedali. Ilipofika Uingereza ilikosa pa kupita. Barabarani ilihesabiwa kuwa gari, lakini masharti ya gari haikuweza kuyatimiza. Njia ya waenda kwa miguu nayo ililindwa na Sheria ya Barabara Kuu ya 1835, iliyotungwa enzi za mikokoteni ya farasi. Mwaka 2011, huko Barnsley, mtu mmoja alitozwa faini ya pauni 75 kwa sheria hiyohiyo.

Skuta za umeme zilirithi mkwamo huo. Julai 2020, wakati watu wakiogopa kubanana kwenye mabasi kwa sababu ya korona, serikali iliruhusu majaribio ya skuta za kukodi katika miji iliyoteuliwa. Mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa, bima juu ya kampuni, na anayekodi awe na leseni, walau ile ya mwanafunzi. Kijana wa miaka 14, aliyeruhusiwa C5 ya kilo 45 bila karatasi yoyote, hapa hakuwa na nafasi.

Mwenye skuta yake mwenyewe hakuguswa na ruhusa hiyo. Duka linamuuzia bila kuvunja sheria, lakini akitoka nayo barabarani polisi wanaweza kuikamata. Pa kuiendeshea ni kwenye ardhi ya mtu binafsi, tena kwa idhini ya mwenye ardhi hiyo.