Ujira wa Mpiga Debe wa Kujitolea

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Hawakutuambia atuzwe nini, wala na nani. Historia ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, ina funzo kubwa juu ya swali hilo. Nitalieleza kwa visa viwili vyenye uhusiano wa karibu.

Kisa cha kwanza ni cha AOL, kampuni ya Marekani iliyouza huduma ya intaneti miaka ya 1990. Kampuni hiyo ilitegemea maelfu ya watu wa kujitolea waliosimamia vyumba vya mazungumzo, kuwaelekeza wateja wapya na kutuliza ugomvi. Malipo yao yalikuwa kutumia huduma hiyo bure au kwa bei nafuu. Hata hivyo, walipangiwa zamu, wakawekewa idadi ya saa na kutakiwa kuandika ripoti. Mwaka 1999 baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai kwamba walikuwa waajiriwa wasiolipwa mshahara. Shauri hilo lilidumu zaidi ya muongo mmoja, likamalizika kwa maafikiano ya takriban dola milioni 15.

Mwaka huohuo wa 1999, AOL ilikamilisha ununuzi wa Netscape, kampuni ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeufungua msimbo wa kivinjari chake na kuanzisha mradi wa Mozilla. Mwaka 2003 mradi huo ulitoka mikononi mwa AOL, ukawa chini ya taasisi isiyo ya kibiashara, Mozilla Foundation. Tarehe 9 Novemba 2004 ikatoka Firefox 1.0. Mpinzani wake, Internet Explorer ya Microsoft, alikuwa ameshika takriban soko zima.

Taasisi hiyo changa haikuwa na fedha za kushindana kwa matangazo. Badala yake ilikuwa na wapiga debe wa hiari, waliokusanyika katika kampeni ya Spread Firefox. Watu wapatao 10,000 walichanga fedha zao wenyewe, na tarehe 16 Desemba 2004 gazeti la New York Times likachapisha tangazo la kurasa mbili lenye majina yao. Hawa hawakudai mshahara. Walilipa ili wahesabiwe. Miaka kumi baadaye, mnara wenye majina ya maelfu ya wachangiaji wa mradi ulisimamishwa San Francisco.

Kwa nini kundi moja lilishitaki na jingine likachanga? Naona jibu haliko katika ukubwa wa zawadi. Mtu wa AOL alifanya kazi chini ya amri, na tunda la kazi yake likawa mali ya wenye hisa. Mtu wa Firefox alifanya alichoweza, akaacha alipochoka, na alichokitangaza kilibaki kuwa chake pia, kwa kuwa leseni iliulinda uwazi wa msimbo.

Hata hivyo, tusiifanye Mozilla malaika. Mwaka 2005 mapato yake yalizidi dola milioni 50, sehemu kubwa ikitoka Google kwa ajili ya utafutaji uliofanywa na watumiaji wa Firefox. Wengi wa watumiaji hao waliletwa na wapiga debe wale wale. Fedha ziliajiri wahandisi. Wapiga debe walibaki na shukrani. Mpango wa Mozilla Reps, ulioanza mwaka 2011, ulirudisha gharama za shughuli zao na kuwapa vifaa vya kampeni. Hiyo ilikuwa hatua ya haki, kwani kujitolea hakumaanishi kujigharimia.

Funzo hili latuhusu sisi tunaoendesha vyama, asasi na ofisi za umma. Anayekuja kwa hiari yake atajwe kwa jina, arudishiwe nauli, asikilizwe panapoamuliwa. Lakini mwalimu wa kujitolea aliyepangiwa vipindi kamili vya wiki, anayesahihisha mitihani na kuulizwa akichelewa, huyo amekwisha kuwa mtumishi. Cheti cha shukrani hakilipi kodi ya chumba chake. Ofisi inayompangia zamu iandae na bajeti ya kumlipa, au iache kumpangia.