Sarafu, Masurufu na Sarufi

Karibu na soko la Mutrah, mjini Muscat, nilisimama mbele ya mashine ya benki, kadi mkononi. Juu yake pameandikwa kwa Kiarabu *sarraf ali*: mvunja fedha anayejiendesha mwenyewe. Nikasahau shida iliyonileta. Huyu sarraf namjua. Ni ndugu wa sarafu zilizokuwa zikilia mfukoni mwangu.

Sisi tunaiitaje? Mitaani ni "eitiemu", herufi tatu zisizo na ukoo. Rasmi ni "mashine ya kutolea fedha". Ni sahihi, ila hayo ni maelezo, si jina, na aliyekaukiwa ugenini hana pumzi ya kuuliza njia kwa maelezo. Naleta *msarafu*, wingi *misarafu*, kama mtambo na mitambo.

Mzizi huo, s-r-f, wenye maana ya kugeuza, ulitupa pia *masurufu*, fedha za matumizi ya safarini. Neno hili tumelifungia ofisini, ambako mtumishi huomba masurufu na akirudi huyarejesha kwa stakabadhi. Tulifungulie. Kadi inayojazwa pesa kabla ya kuondoka, iitwe nini kama si *kadi ya masurufu*?

*Kadi ya mkopo* isiguswe. Inasema deni waziwazi, na mwenye kuisikia hukumbuka kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Ile nyingine, inayochota kwenye akaunti yako mwenyewe, ndiyo haijapata jina la kutulia. Naona *kadi ya salio*. Salio ni kilichosalia, na kikiisha, kadi hunyamaza.

*Ada* na *makato* watu huyachanganya. Ada imebeba maana ya desturi: hujulikana kabla, hutajwa mlangoni. Makato yametoka kwenye kukata, na mara nyingi kisu hukiona baadaye, ukiwa umekwisha kurudi nyumbani. Benki inayotoza bila kutaja isiruhusiwe kujificha nyuma ya neno ada.

*Pesa* nayo ilinichekesha pale Mutrah. Riali moja ya Oman ni baisa 1,000, na baisa na pesa ni watoto wa paisa ya Kihindi. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kuvunja pesa ili nipate pesa.

Kuvunja! Hapa ndipo lugha yetu inapong'aa. Kioo cha mashine kiliniuliza: nikutoze kwa riali, au kwa shilingi za kwenu? Ukikubali shilingi, hesabu inapigwa palepale kwa kiwango cha mwenye mashine. Jambo hilo halina jina kwetu, lakini kitenzi kipo: *kuvunjiwa*. Kauli hii ina ndimi mbili. Kupikiwa ni heri, kuibiwa ni hasara, na umbo ni lilelile. Anayevunjiwa hana budi kuuliza: nimefanyiwa, au nimefanyiziwa?

Basi anayesema sarufi haimlishi mtu, mwambie nayo imetoka kwenye s-r-f ileile: sarafu hugeuza mali, sarufi hugeuza maneno. Mimi kauli moja, ya kuvunjiwa, iliniponya. Nilibonyeza riali, na msarafu ukatema noti zangu.